Gitaa la Kati

Mtu akikwambia anaipenda rumba, muulize gitaa la kati linafanya kazi gani. Atakukodolea macho. La solo analijua, maana ndilo linalomfanya anyanyue mikono na kumwaga kinywaji chake. La besi analijua kwa tumbo. La rithimu atalibahatisha. La kati? "Kwani yako mangapi?" Nimeulizwa hivyo na watu waliocheza mbele yangu hadi viatu vikaachia soli. Nimeulizwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tena siku ya harusi yetu.

Basi ngoja nieleze, nisije nikawa napiga hadithi na shemeji wa pili.

Wimbo wetu huanza polepole. Waimbaji wanabembeleza na kulalamikia mapenzi, rithimu inachambua nyuzi chini yao, na besi inatembea kwa kurukaruka. Haigusi kila pigo, inaacha matundu makusudi. Hiyo ni nusu ya kwanza, nusu ambayo watu hukaa na kuzungumza. Kisha waimbaji wananyamaza, mpiga drums anahamia kwenye ile ngoma ndogo yenye mkwaruzo, rapa anaanza kelele zake za kuchangamsha watu, na magitaa yanachukua nyumba. Hapo ndipo penye sebene. Solo inapanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, inarusha kijipande kifupi cha sauti kali, inakirudia, inakigeuza kidogo, inakirudia tena mpaka aliyekaa ajione mjinga. Na kila solo inapokimaliza kijipande chake, kuna kitu kinaitikia kabla haijaanza tena. Hicho kinachoitikia ni mimi. Rithimu iko chini yangu, solo iko juu yangu, nami nawashona wasiachane. Nikiacha kupiga, hakuna mchezaji atakayesema gitaa la kati limezimika. Atadhani tu amechoka, ataenda kukaa.

Ndiyo maana wenzangu kwenye bendi waliniita Kiraka. Mke wangu, aliyekuwa fundi cherehani, alisema hilo si tusi hata kidogo, ila wao hawajui kushona.

Ubaya wa gitaa la kati ni kwamba sehemu yake ikipigwa peke yake si wimbo. Ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu: "Eeh... hapana... kumbe!... sasa yeye alisemaje?" Unabaki na nusu ya mazungumzo. Lakini mimi nilijisifu kwamba jambo hilo halinisumbui. Maisha yangu yote nilifanyia mazoezi nyumbani, nimekaa kwenye kigoda mlangoni, kati ya sebule na chumba cha nyuma, na kispika changu kidogo ubavuni. Shingoni mwa gitaa nafunga kipande cha penseli kwa mpira wa kiunoni, ule wa sketi, ili kupandisha sauti ya nyuzi. Mpira huo niliuiba kwa mke wangu, akanunua mwingine, nikauiba na huo.

Yeye alikaa dirishani na cherehani yake ya miguu, pini zimejaa midomoni, akiimba puani. Huwezi kufungua mdomo wenye pini, kwa hiyo alikuwa akiimba hivyo hivyo, mdomo umefumbwa, mguu ukikanyaga. Nikawa namwambia:

"Punguza, mama. Mwenzio niko kazini."

"Kwani mimi nacheza?" ananijibu katikati ya pini.

Ananyamaza kidogo kuniridhisha, kisha anaanza tena. Muziki wetu wenyewe alidai haupendi. Ukumbini alikuja mara chache, akakaa karibu na mlango, akawa anatazama mishono ya watu.

Alifariki mwaka jana. Aliugua muda mfupi, kama mtu asiyetaka kusumbua. Wateja waliendelea kuja na nguo za kupunguza, nami nikawa nawaambia amefariki. Nilichoka kuona nyuso zao zikibadilika. Siku moja nikamwambia mama mmoja kwamba fundi amesafiri, akasema basi atarudi mwezi ujao, nikajikuta nimefurahi, kana kwamba habari hiyo nimeletewa mimi. Gauni lake bado liko juu ya meza. Sikusema uongo kwa mtu mwingine tena, lakini gauni sikulirudisha. Upweke ninao, sina haja ya kuuficha. Unaanzia jioni, saa ya kuwasha taa, maana nikiwasha ya sebuleni namwona asiyekuwepo.

Basi Kiongozi wa bendi akaja. Ni mwimbaji, mtu mnene, mpole, anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Akasema tunarekodi upya ule wimbo wetu mkubwa. Wimbo huo ulirekodiwa zamani, sote tumesimama chumba kimoja na kipaza sauti kimoja, na kwa kuwa mimi ni Kiraka nilisimamishwa nyuma karibu na pazia. Gitaa langu halimo. Yaani limo, lakini lazima niwepo mimi mwenyewe kukuonyesha kwa kidole.

"Siku hizi kila mmoja anarekodiwa peke yake," Kiongozi akasema. "Safari hii, Kiraka, utasikika."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nimepiga mpaka vidole vimeota sugu za kudumu, na nikifa leo hakuna mahali popote duniani mtu anaweza kuniwasha na kunisikia.

"Ila Sindano hayupo," akaongeza. Sindano ndiye mpiga solo wetu, na jina hilo analistahili. "Amesafiri na bendi nyingine. Akirudi ataweka solo yake juu. Utaweza kupiga bila yeye?"

Nikacheka. "Mimi nafanya mazoezi peke yangu tangu hujaota kitambi."

Studio ilikuwa chumba cha ndani, kuta zimebandikwa magodoro ya sponji, na dirisha la kioo. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Akanivalisha hedifoni. Ndani yake kulikuwa na besi, drums, rithimu, na kitu kinacholia tik, tik, tik kama saa ya mtu mwenye haraka.

Nikaanza vizuri. Kisha ikaja ile nafasi ya kwanza, mahali ambapo solo inasema na mimi nangoja. Solo haikusema. Nikangoja, sikujua nimengoja kiasi gani, nikaingia mapema.

"Baba, umekimbia kidogo," fundi akasema masikioni mwangu. "Turudie."

Turudie. Safari hii nikaogopa nafasi, nikazijaza. Nikapiga pale nisipopiga, nikapiga na pale pa Sindano, nikawa kama mtu anayejiuliza na kujijibu mwenyewe stendi.

"Sasa umejaza kote, baba. Solo atakaa wapi?"

Nikalaumu hedifoni. Akanibadilishia. Nikalaumu kiti. Akaniletea kingine, bila kununa, na hilo liliniudhi zaidi. Mwishowe Kiongozi akaingia, akavua miwani, nami nikajua mambo yameharibika.

"Nenda kapumzike, ndugu yangu. Umefiwa, si mchezo. Njoo Ijumaa tujaribu tena. Ikishindikana, basi, mpiga kinanda ataiweka hiyo sehemu. Kinanda siku hizi kinatoa sauti ya gitaa, watu hawatagundua."

Watu hawatagundua! Alisema kwa huruma, na alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Nyumbani nikakaa kwenye kigoda changu, nikafunga penseli, nikapiga. Yale yale. Nikajaribu kupiga pamoja na kanda ya zamani, lakini imechoka, inalegea, Sindano humo anasikika kama amelewa. Nikaizima. Nikapiga tena peke yangu, nikafika pale ninapoteleza, nikateleza, nikapandwa na hasira. Nikageukia dirishani nikafoka:

"Sasa mbona umenyamaza?"

Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa chake cha maua.

Nilikuwa nimemwambia apunguze, miaka nenda miaka rudi. Na sauti ile aliyokuwa akiimba puani, iliyonikera, ilikuwa nini? Nikaitafuta kichwani. Ilikuwa solo. Mwanamke asiyependa muziki wetu alikuwa akiimba sehemu ya Sindano, na mimi nikawa namwitikia, nikidhani nafanya mazoezi peke yangu. Nikakumbuka alipokwenda kukaa kwa dada yake aliyejifungua. Gitaa nililiweka juu ya kabati siku zote alizokuwa huko, nikajiambia nimeingiwa na uvivu. Haukuwa uvivu. Sijawahi kupiga peke yangu hata siku moja.

Siku hiyo nililia, na si kilio cha kistaarabu. Nilikuwa namlilia tangu mwaka jana, lakini sasa nikamlilia kwa jambo ambalo sikuwahi kumshukuru.

Jioni yake binti yangu akapiga simu. Ameolewa mbali, ni muuguzi, hunipigia akitoka kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umetoka salama?"

"Salama. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Hilo swali la pili amelirithi kwa marehemu.

"Mama," nikamwambia, "unakumbuka mama yako alivyokuwa akiimba puani anaposhona? Wakati mimi napiga? Ule wimbo wetu mkubwa?"

"Nakumbuka wimbo."

"Niimbie kama alivyokuwa akiuimba. Usicheke, niimbie tu."

Hakucheka. Akaanza kuimba puani, huko aliko, magari yakipita nyuma yake. Nikatega sikio. Nikataka kumkatiza, nikashindwa. Haikuwa solo. Ilikuwa sehemu yangu, gitaa la kati, na penseli yake na kila kitu.

"Hiyo siyo, mama," nikasema mwishowe. "Hiyo ni ya gitaa langu."

"Si ndio wimbo wenyewe?"

"Wimbo ni solo. Watu wote wanaimba solo."

"Mimi nililala chumba cha nyuma, baba, wewe na kispika chako mlangoni kwangu. Sauti ya mama ilimezwa na cherehani. Mimi nilisikia hii tu. Nilipokwenda bweni wenzangu waliusikia redioni wakasema huo wimbo wa baba yako, nikabishana nao hadi tukanuniana. Nikawaambia hao wa redioni wamekosea, wimbo wa baba si huo." Akacheka. "Ndio ninaomwimbia mjukuu wako akikataa kulala. Anaujua."

Niliiweka simu begani, nikajifuta uso kwa mkono wa shati. Kuna mtoto mahali fulani anayelazwa na gitaa la kati.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Uimbe tena. Usiache mpaka nikwambie."

Nikawasha spika ya simu, nikaiweka simu juu ya cherehani. Nikaifungua penseli, nikapandisha vidole kwenye nyuzi nyembamba, juu nisikozoea, nikapiga ya mama yake. Sikuwahi kuipiga hata mara moja, lakini niliijua yote. Simu inachelewesha sauti, kwa hiyo ilibidi nimngoje, nisimvute. Mimi nasema, binti anaitikia kwa sauti yangu.

Tulipofika mahali fulani ndani ya sebene, kidole changu kikasimama. Hapo marehemu alikuwa akiivuta sauti ya mwisho, anainyanyua kidogo, kisha anakata na kuvuta pumzi. Mdomo una pini, lazima pumzi iingie puani, na pua ndiyo iliyokuwa ikiimba. Solo ya Sindano haina kitu hicho. Na binti yangu, huko barabarani, alipofika hapo naye akaacha nafasi, kisha akaendelea. Aliiacha kwa sababu mimi nilikuwa naiacha.

Nikakumbuka ugomvi wangu na Sindano. Kila tulipotoka jukwaani alinifokea kwamba kuna mahali nazubaa, namwachia shimo, inambidi alijaze yeye. Nami nikamjibu kila mara kwamba huo ni mtindo. Mtindo! Nilikuwa ukumbini mbele ya watu wote, namngoja mke wangu avute pumzi.

Ijumaa nikamwomba fundi mitambo kitu kimoja. "Nirekodi kwanza sehemu ya juu. Si ya kubaki. Nataka niisikie masikioni wakati napiga yangu."

Akakubali. Nikapiga ya marehemu, na pumzi yake mahali pake. Kisha nikafunga penseli, nikavaa hedifoni, naye akaniwekea. Nilifumba macho. Haikuwa sauti yake, ilikuwa vidole vyangu tu, vizito, lakini pale niliposhindwa mara ya kwanza sasa palikuwa na mtu wa kumwitikia. Sikukimbia. Sikujaza. Nilipofungua macho, fundi alikuwa amesimama nyuma ya kioo, na Kiongozi kando yake, miwani mkononi.

"Imepita, baba," akasema. "Yote, mara moja."

Kiongozi akavaa miwani yake kwa haraka, akatoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

"Hii ya juu sasa?" fundi akaniuliza. "Nikuwekee nakala uende nayo?"

Nilifikiri.

"Hapana. Huyo si yeye. Ni mimi namwigiza. Futa."

Akafuta, na hakuuliza ni nani.

Sindano aliporudi nilikwenda kumsikiliza akiweka solo yake. Mshenzi yule anajua kupiga, sitamnyima haki yake. Alipofika pale, akasimama, akavua hedifoni, akanitazama kupitia kioo.

"Kiraka, shimo lako hilo. Umelileta mpaka huku! Niweke nini hapa?"

"Usiweke kitu."

"Patakuwa patupu."

"Ndiyo. Patakuwa patupu."

Akanitazama. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Sikumweleza, na sidhani alielewa, lakini akavaa hedifoni yake taratibu.

"Haya, ndugu yangu," akasema.

Wimbo ulipotoka, shemeji alikuwa amekuja kunitembelea. Siku hizi huja, anakaa kwenye kiti cha wateja, tunatazama barabara, hatuna mengi ya kusema. Redio ikaupiga. Waimbaji wakalalamika wee, wakamaliza, sebene ikaingia, na shemeji akaanza kutikisa goti. Ikafika ile nafasi. Goti lake likabaki hewani. Drums, besi na rithimu zikaendelea chini, nafasi ikapita, magitaa ya juu yakarudi, naye akainuka akaipiga redio kofi la ubavuni.

"Redio yako mbovu, shemeji. Inakata sauti za juu."

"Usiipige. Ni nzima."

"Imekata hapo, nimesikia mwenyewe."

"Haijakata. Hapo dada yako anavuta pumzi."

Nikamweleza yote, pini, cherehani, mpaka simu ya binti. Alisikiliza huku ameshika kile kitambaa cha maua, anakikunja na kukikunjua. Wimbo ulikuwa bado unaendelea, sebene zetu ni ndefu. Akasogeza kiti chake karibu na redio, akainamisha kichwa.

"Gitaa lako ni lipi?" akaniuliza.

Nikamwambia asubiri, linakuja.